Mzazi anasoma matokeo, mtoto anahesabu ndoo za maji

Miezi hii ya mwisho wa mwaka, ukipita stendi ya Kasulu au sokoni Kibondo, macho yako hayakosi bango la shule binafsi. Nafasi za kidato cha kwanza zimetangazwa. Kuna picha ya basi la shule, wanafunzi watatu waliovaa makoti meupe ya maabara, na chini yake asilimia 100 kwa herufi nene. Kisha wazazi wanaanza kuulizana: ile shule ikoje? Majibu hayachelewi, maana kila mtu ana mtoto wa dada yake aliyesoma pale.

Mimi kazi yangu ni habari za afya, na majibu hayo nayasikiliza kwa sikio hilo. Mzazi na mtoto wakiulizwa kuhusu shule ileile, unaweza kudhani wanazungumzia shule mbili tofauti. Mzazi atakwambia wanafaulisha, wana nidhamu, wanaongea Kiingereza, kuna ukuta, hakuna simu. Mtoto atakwambia maji yanakatika, foleni ya choo asubuhi ni ndefu, kengele ya kuamka inagongwa usiku, maharage yana wadudu, na matroni ana hasira. Hakuna anayedanganya. Mzazi anaongelea kile alicholipia, mtoto anaongelea mahali anapoishi.

Hapa Mtabila swali hili lina uzito wake. Eneo lililokuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi mpaka ilipofungwa Desemba 2012 sasa lina kikosi cha JKT, 825 KJ. Vijana wanaomaliza kidato cha sita huitwa huko kwa mujibu wa sheria, wa shule za ada kubwa na wa shule za kata, wote pamoja. Wakishavaa sare na kunyolewa vichwa, huwezi kujua nani alisomeshwa kwa mamilioni. Tangu Januari 2016 sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, hazitozi ada. Kwa hiyo mzazi anayeuza magunia ya mahindi na maharage kupeleka mtoto shule binafsi ana haki ya kuuliza: nalipia nini hasa?

Wengi watajibu kwamba wanalipia matokeo. Sawa, tuyaangalie. Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) liliacha utaratibu wa kutaja shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa. Mabango hayakuacha. Yameendelea kuandika asilimia, na asilimia ina ujanja wake: inahesabu waliofanya mtihani tu. Haiwahesabu walioanza.

Bahati nzuri simu uliyoshika inatosha kukupa picha nyingine. Fungua tovuti ya NECTA, tafuta matokeo ya upimaji wa kidato cha pili wa mwaka fulani kwa shule unayoitaka, uhesabu watahiniwa. Kisha fungua matokeo ya kidato cha nne ya shule hiyohiyo miaka miwili baadaye. Waliofanya kidato cha pili mwaka 2022 walitarajiwa kufanya cha nne mwaka 2024. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, ulikuta 80 kidato cha pili na 52 kidato cha nne, na wote 52 wamepata daraja la kwanza hadi la tatu. Bango litasema asilimia 100. Wewe jiulize kuhusu wale 28.

Wengine walihama kwa sababu ya ada, wengine wamekariri darasa, wengine wazazi wao walihamishwa kikazi. Hayo ni ya kawaida, na tofauti ya wanafunzi wachache haina maana yoyote. Lakini tofauti inapokuwa kubwa, na inapojirudia kila mwaka, kuna uwezekano mtoto wa wastani anaambiwa hajafikia wastani wa shule, atafutiwe shule nyingine. Profesa Joyce Ndalichako, aliyewahi kuwa Katibu Mtendaji wa NECTA na mwaka 2020 akachaguliwa mbunge wa Kasulu Mjini, alizikemea shule binafsi kwa jambo hili alipokuwa Waziri wa Elimu. Kwa mtoto wa miaka 15, kuambiwa afungashe sanduku kwa sababu ya alama mbili pungufu si mambo ya takwimu. Anarudi kijijini, na kijiji kizima kinajua. Hesabu hii muulize mkuu wa shule uso kwa uso. Mwenye majibu mazuri hatakasirika.

Sasa tuje kwenye malalamiko ya watoto, ambayo wazazi wengi huyaita kudeka. Kweli, mengine ni kudeka. Mtoto akilalamika kwamba haruhusiwi simu, au kwamba ugali ni wa kila siku, msikilize na umwache. Lakini malalamiko yanayohusu mwili yana uzito wa aina nyingine, na nadhani tunakosea kuyaweka kapu moja na hayo.

Chukua maji. Msichana anayejua kwamba choo ni kichafu au foleni ni ndefu hufanya jambo moja la akili kabisa kwa upande wake: anapunguza kunywa maji na anabana mkojo. Baada ya majuma machache anaanza kupata maumivu anapokojoa, maana kubana mkojo na kukosa maji ya kunywa huwapa bakteria nafasi ya kuzaliana kwenye kibofu, na njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi kuliko ya mwanaume. Akiwa kwenye hedhi na hakuna maji ya kunawa wala mahali pa kutupia pedi, atakaa bwenini na kukosa vipindi. Barua ya shule itaandika utoro. Akifika zahanati akiwa na homa, huenda akapimwa taifodi kwa kile kipimo cha damu cha Widal, ambacho kinajulikana kwa kutoa majibu ya uongo, akarudi na dawa zisizomhusu. (Taifodi ipo, lakini si kila homa ya bwenini ni taifodi.)

Au chukua usingizi. Wataalamu wa usingizi wanashauri kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Kama prepo ya usiku inaisha saa tano na kengele ya asubuhi inagongwa saa kumi, mtoto amelala saa tano, tena kama alisinzia mara tu alipogusa mto. Shule hujivunia ratiba hiyo, na wapo wazazi wanaoisifu kwamba watoto wanasoma kweli. Ubongo hupanga na kuhifadhi mambo ya mchana wakati wa usingizi. Mtoto anayesinzia kwenye kipindi cha hesabu saa nne asubuhi ameshalipiwa ada ya kipindi hicho.

Malaria nayo. Baridi yetu ya milimani inatudanganya. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa 2017 uliikuta Kigoma juu kuliko mikoa yote, karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano akiwa na vimelea. Wanafunzi wa sekondari wana kinga kiasi, lakini homa inayopuuzwa usiku kucha inaweza kugeuka malaria kali. Ndiyo maana lalamiko ninalolichukulia kwa uzito kuliko yote ni hili: ukisema unaumwa, wanasema unakwepa jaribio. Shule yenye ukuta mzuri na maabara nzuri, ambayo hakuna mtu mwenye ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali ya Kabanga au hospitali ya wilaya saa saba usiku mpaka mmiliki apigiwe simu, ina tatizo ambalo halionekani kwenye matokeo.

Kuna kisa cha jirani zetu wa Kagera ambacho kila mzazi wa mtoto wa bweni angekijua. Januari 30, 1962, wiki saba tu baada ya Uhuru, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni huko Kashasha, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Wakafuata wengine. Kufikia Machi 18 shule ilipofungwa, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa. Walipimwa, hakuna sumu wala kijidudu kilichopatikana. Walimu hawakushikwa hata mmoja. Shule ilifunguliwa Mei, wengine wakashikwa, ikafungwa tena Juni. Waliporudishwa makwao hali hiyo iliibuka hata kwenye baadhi ya vijiji vyao. Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliandika ripoti yake mwaka uliofuata, na watafiti waliokuja baadaye wameihusisha na msongo wa watoto waliobanwa na mazingira wasiyoweza kuyasemea.

Leo tunayaona mambo ya aina hiyo shuleni, wasichana wakianguka mmoja baada ya mwingine, na tunaita mapepo. Sibishani na imani ya mtu, na aombewe anayetaka kuombewa. Ila baada ya maombi, mtu akague pia ratiba, chakula, adhabu na maji.

Kuhusu adhabu, kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Omba kukiona kitabu hicho. Ukienda bwenini tazama milango kabla ya vitanda: ipo miwili? Inafunguka kwa nje? Madirisha yana nondo? Shauritanga, Rombo, mwaka 1994 wasichana 42 walikufa kwa moto bwenini. Idodi, Iringa, mwaka 2009 walikufa 12.

Niwe mkweli kwa upande wa shule pia. Hazipati ruzuku ya serikali kama jirani zao za kata, zinalipa mishahara kila mwezi, na wapo wazazi wanaoahidi ada wakivuna, wakivuna wanazima simu. Fedha ya kisima na ya nesi inatoka kwenye ada hiyohiyo. Wapo pia wakuu wa shule wanaolala na funguo za gari chini ya mto kwa ajili ya mgonjwa wa usiku, na hao hawana bango.

Ukitaka maoni ya wanafunzi usiyatafute siku ya wazazi. Siku hiyo utaletewa kiranja mwenye sare iliyopigwa pasi, naye atakwambia yote ni mazuri. Watafute wa kidato cha tatu wakiwa likizo nyumbani, mmoja msichana na mmoja mvulana, tena wasiokaa nyumba moja. Usiwaulize shule ikoje, maana watajibu nzuri, shikamoo, na kuondoka. Waulize mambo yanayohesabika. Siku ya mwisho kabla ya likizo mlilala saa ngapi? Mnaoga mara ngapi kwa wiki, na maji mnachota wapi? Nani aliugua muhula huu, na alipelekwa wapi baada ya muda gani? Mlianza wangapi darasani kwenu, mko wangapi sasa?

Na kama mtoto wako tayari yuko bweni, atakaporudi likizo hii mpe siku mbili ale na alale kwanza. Siku ya tatu, mkichambua maharage pamoja, muulize akishikwa na homa usiku anamwamsha nani. Akikosa jina la mtu, mpigie mkuu wa shule kabla hujapeleka ada ya muhula ujao.