Tusimtwike Mwanachuo Darasa Zima Siku ya Kwanza

Kila mara vyuo vya ualimu hapa Uganda vinapowapeleka wanachuo kwenye mazoezi ya kufundisha, lawama ni ileile: vijana wa siku hizi ni wepesi wa kuchoka. Wiki ya kwanza haijaisha, sauti imekauka, macho ni mekundu kwa kukesha, na wengine wameshaanza kuulizia kazi nyingine mjini Mbarara. Mimi nashikilia kwamba uchovu huo hautokani na ulegevu wa kijana. Unatokana na jinsi tunavyomwingiza kazini, na kwa kuwa ni mpango wetu wenyewe, tunaweza kuubadili.

Tutazame Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Wilaya ya Isingiro. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Darasa la watoto zaidi ya mia moja si jambo la kushangaza huko. Basi na tufanye hesabu ya darasa la watoto 120. Kuita majina, kila jina sekunde tatu, ni dakika sita, na kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30 tu. Kusahihisha daftari kwa dakika moja moja ni saa mbili, tena kwa somo moja. Bado kuna maandalio ya somo ya kesho, azimio la kazi ambalo mkufunzi atalidai, na zana za kufundishia zinazokatwa kutoka kwenye maboksi na magunia usiku kwa taa ya sola. Halafu kuna lugha. Mtaala wa Uganda unataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mahali, ambayo hapa ni Kinyankore, na kuanzia darasa la nne Kiingereza kishike nafasi. Lakini mtoto aliyetoka Kivu anaelewa Kiswahili, wa Bujumbura Kirundi, na Msomali ana lugha yake. Mwanachuo aliyesomeshwa Kongo kwa Kifaransa hupika kila sentensi kichwani mara mbili kabla ya kuitoa mdomoni. Mwalimu mzoefu huandika ubaoni huku akijua nani anamfinya nani nyuma ya darasa. Mgeni hulazimika kuyafikiria yote hayo, moja moja, kwa wakati mmoja. Hapo ndipo nguvu zinapokwisha.

Wapo watakaosema ualimu ni wito, na anayechoka siku ya tatu hakuitwa. Wito ni jambo kubwa, wala silidharau. Ila haumfundishi mtu namna ya kugawa madaftari 120 bila vurugu. Hilo hufundishwa na mtu aliyekwisha kulifanya. Fundi cherehani hampi mwanagenzi kitambaa cha harusi siku ya kwanza, na kijana akikiharibu hatusemi hakuzaliwa kuwa fundi. Tena kijana aliyeachwa peke yake na kuelemewa hukimbilia fimbo, ingawa sheria ya watoto ya Uganda, iliyorekebishwa mwaka 2016, imekataza viboko shuleni. Mtoto aliyekwisha kukimbia vita hastahili kulipia uchovu wa mwalimu wake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: walimu hawatoshi, watoto wako darasani wanangoja, sasa utamwekaje kijana mwenye miguu na sauti akae nyuma kutazama? Jibu liko katika historia ya jirani. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Tanzania ilikuwa na haraka kuliko hata Isingiro ya leo, kwani ilitaka kila mtoto aingie shule ya msingi. Ilichukua maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba ikawapeleka kufundisha. Hata hivyo haikuwaachia siku nzima ya kazi: walifundisha sehemu ya siku, na sehemu nyingine walisoma kwa redio, kwa masomo ya posta na kwa mkufunzi wa karibu. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake, na ubora wa walimu wale ulijadiliwa kwa miaka mingi, lakini waliouandaa walielewa kuwa anayejifunza hawezi kubeba mzigo wa aliyehitimu. Uganda nayo, kwa sera yake ya walimu ya mwaka 2019, imetaka walimu wote wafikie kiwango cha shahada. Miaka ya masomo itaongezeka. Ikiongezeka bila kugusa wiki hizi za kwanza, tutakuwa tumetumia fedha nyingi zaidi kwa kijana ili avunjike palepale.

Nanyi vijana, msijipime kwa wiki ya kwanza. Msifiche kwamba mmeshindwa kipindi. Mwambieni mwalimu wa darasa siku hiyohiyo, maana naye aliwahi kushindwa. Gawaneni kutengeneza zana, chati moja itumike na watatu. Laleni.

Kwa walimu wakuu, kinachotakiwa hakihitaji fedha za wafadhili. Wiki ya kwanza mwanachuo akae na kundi la watoto kumi au kumi na watano ndani ya darasa la mwenzake mzoefu, awasomeshe na kusahihisha madaftari yao. Hapo mwalimu wa darasa anapunguziwa mzigo badala ya kuongezewa. Wiki ya pili ashike somo moja kwa darasa zima, na mengine yafuate. Na wakufunzi wa vyuo kutoka Mbarara wanaofika wiki za mwisho na fomu za alama mkononi, naomba waje pia siku ya tatu au ya nne, bila fomu, wakae nyuma ya darasa kipindi kimoja, kisha wazungumze na kijana kuhusu kipindi cha kesho.