Zabibu ya Shiraz na Nasaba Zetu

Sisi watu wa pwani tuliolowea Nairobi tuna mazoea ya kutaja asili zetu hata pasipoulizwa. Juzi hapa Lucky Summer mazoea hayo yalinitia aibu. Kijana mmoja, ambaye kazi yake ni kuokota chupa tupu, kuziosha na kuziuza kwa watu wa asali na mafuta, aliniinulia chupa moja iliyobandikwa karatasi yenye neno "Shiraz".

"Mzee, si wewe hutuambia wazee wako ni Washirazi? Kumbe hata divai mwapika!"

Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Nami nilicheka, walakini neno lile liliniingia. Sisi tulioharamishiwa ulevi, jina letu limefikaje juu ya chupa? Nikaona nitafute habari za mti wenyewe. Kujua mti si kunywa divai, na zabibu ni tunda lililotajwa katika Kurani miongoni mwa neema.

Mzabibu huu Wafaransa huuita Syrah, na Waaustralia huuita Shiraz. Zabibu zake ni ndogo, nyeusi, na maganda yake hutoa rangi nzito. Sifa yake kubwa ni harufu ya pilipili manga, na hiyo si porojo ya wauzaji. Mwaka 2008 wataalamu wa Australia walieleza kwamba ndani ya zabibu hizi mna kitu kiitwacho rotundoni, na ndicho hicho hicho kilichomo katika pilipili manga tunayotia pilauni.

Kwa muda mrefu watu walisimulia kwamba mpiganaji wa Vita vya Msalaba, Gaspard de Stérimberg, aliuleta mti huu kutoka Uajemi katika karne ya 13, akaupanda kwenye kilima cha Hermitage, bonde la mto Rhône. Hadithi tamu, lakini mwaka 1998 wataalamu wa California na Montpellier walipima chembe zake za urithi wakawapata wazazi wake wawili: Dureza na Mondeuse Blanche, mizabibu ya kusini-mashariki ya Ufaransa. Basi zabibu ya Shiraz haikutoka Shiraz.

Nilipomweleza kijana, alinijibu upesi: "Basi nanyi ni vivyo hivyo, jina tupu!"

La, hasha. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mabaki ya watu 80 wa kale, wakiwamo wa Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Ilionekana kwamba damu ya Afrika na ya Asia zilianza kuchanganyika hapa kwetu yapata mwaka 1000, na kwamba sehemu kubwa ya hiyo ya Asia ni ya wanaume wa Uajemi. Wazee wa Kilwa waliosimulia habari za Shiraz hawakutunga uongo.

Lakini uchunguzi huo huo wasema kwamba kwa wengi wa watu wale, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika, nayo imetokana hasa na wanawake. Hapa ndipo penye kasoro yetu. Mtu akiulizwa nasaba, humtaja babu aliyeshuka jahazini. Bibi aliyempokea ufukweni, akamzalia na kuwafundisha watoto lugha hii tunayojivunia, hatajwi hata kwa jina. Tena wapo wanaoona kumtaja ni kujishusha.

Mzabibu ule umebeba jina la mji usio wake, na wazazi wake wote wawili wakasahauliwa hadi walipotafutwa. Sisi jina letu ni la kweli, ila limemtaja mzazi mmoja. Kukana Uajemi si haki, na kumficha bibi ni dhuluma zaidi, maana ni kumkana aliyetulea.

Kijana wa chupa akiniuliza tena wazee wangu ni akina nani, nitaanza na bibi.