KWA NINI MPAGAZI HANA JINA?

Asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilitokea mbele ya bandari ya Unguja, ikaikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga, mitambo yake ikitengenezwa, ikaipiga mizinga hata ikazama. Mabaharia waliouawa walizikwa katika kisiwa cha Chapwani. Makaburi yao yangali pale, nayo yana majina.

Sisi hatumwonei maiti wivu. Baharia yule naye alikuwa mtoto wa watu, na mzazi wake alistahili kujua mwanawe amelala wapi. Lakini twauliza: yuko wapi mwenziwe wa bara?

Miaka miwili kasoro siku moja baada ya siku ile, tarehe 19 Septemba 1916, mji wa Tabora ulitwaliwa na majeshi ya Wabelgiji, ambayo askari wake wengi walikuwa Waafrika wa Kongo. Jemadari wao, Tombeur, alipewa ubaroni kwa jina la Tabora, na mjini Brussels iko njia iitwayo Tabora. Jina la mji lilisafiri hata Ulaya. Majina ya wapagazi waliokufa yalibaki porini. Katika vita vile chakula na risasi vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Hata mizinga ya Königsberg, baada ya manowari ile kuangamia katika Rufiji mwezi wa Julai 1915, iliburutwa nchi kavu kwa mikono yao. Nao waliuawa zaidi na maradhi, njaa na uchovu kuliko risasi.

Zamani, katika njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, upagazi ulikuwa kazi ya fahari kwa Wanyamwezi. Mtu alipatana ujira ndipo akajitwisha mzigo. Vita viliigeuza kazi hiyo ikawa shokoa.

Mnara wa Askari wa Dar es Salaam, uliozinduliwa mwaka 1927, wawataja wachukuzi kwa jumla tu. Kariakoo imechukua jina la kikosi chao, na wangapi waendao sokoni walijua hilo? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Radhi ni jambo jema, lakini haitoshi kuandikwa juu ya kaburi.

Wako watakaosema kwamba vita vile havikuwa vyetu. Kweli, na hiyo ndiyo hoja yetu. Aliyekamatwa kijijini akafia katika ugomvi wa wengine amedhulumiwa mara moja. Tukimsahau, tumemdhulumu mara ya pili. Kumkumbuka yeye si kuvisifu vita.

Wala kisiwa chetu kisijitoe. Pembe zilizowatajirisha matajiri wa Unguja zilishuka pwani juu ya mabega ya watu wa njia ile. Deni hili ni letu pia.

Basi twaitaka serikali ikusanye majina yaliyomo katika madaftari ya zamani, na wazee wa Tabora waulizwe yale yaliyohifadhiwa katika koo zao, kisha jiwe lisimamishwe Tabora, kando ya njia ya misafara. Lililowezekana Chapwani kwa baharia, lawezekana Tabora kwa mpagazi.