Hatia ya Muhogo
Meli ya anasa ifikapo Kilindini, mume na mke waliokwisha kulipia mlo wa safari nzima hushuka asubuhi, wakaizunguka Ngome ya Yesu, kisha wakarejea melini kula adhuhuri. Wameonywa kwamba chakula cha barabarani ni maradhi. Onyo hilo limevaa joho la elimu. Ndani yake mna dharau.

Na utazamwe ushahidi. Idara ya Marekani ya kuzuia maradhi hukagua majiko ya meli za abiria ziingiazo bandari zake tangu miaka ya 1970. Katika mwaka 2024 iliandika milipuko zaidi ya 10 ya kutapika na kuhara melini, mingi yake ikiletwa na virusi vya noro. Virusi hivyo hupita mikononi, na katika meza ya kujipakulia mamia ya watu hushika upawa mmoja.

Pale Mama Ngina, kando ya mlango wa bandari hiyo hiyo, muhogo huchomwa juu ya makaa mbele ya macho ya mnunuzi, ukatiwa ndimu na pilipili. Dafu hukatwa papo hapo. Ni chombo gani cha melini kilichofungwa vizuri kuliko hicho?

Si kila kibanda ni safi. Kachumbari iliyooshwa kwa maji mabaya hudhuru, na mwenye busara huchagua penye moto. Lakini kuchagua si kukimbia. Mke hutamani, mume humkataza kwa jina la usalama, muuzaji hukosa bei ya muhogo mmoja, na wawili hao hurudi kwao wakisimulia kwamba wameiona Mombasa.