Uwanja usio na ratiba ni kiwanja kinachosubiri mnyakuzi

Na Rehema Mwakio

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linazikabidhi serikali za kaunti bustani, fuo na viwanja vya michezo katika orodha ileile yenye vituo vya afya na barabara za mitaani. Lakini ukitazama idara za michezo na burudani zinavyoendeshwa, utadhani kazi yao ni kujenga jukwaa, kukata utepe na kufunga lango. Mimi nashikilia kwamba idara hii ipimwe kwa ratiba yake, si kwa saruji iliyomwaga. Nani hufungua uwanja saa kumi jioni? Wasichana wametengewa siku zipi? Choo kikiharibika, anayewajibika ni nani?

Ushahidi uko Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilipoanza mwaka 1987 hakikuwa na uwanja wa kujivunia. Nguvu yake ilikuwa ligi: mechi zenye tarehe, marefa, na msimamo ambamo timu huongezewa pointi kwa kuzoa taka za mtaa. Kutoka kwenye vumbi hilo ikazaliwa Mathare United, mabingwa wa Ligi Kuu mwaka 2008. Kwa jamii, kombe ni nyongeza tu. Faida kubwa ni vijana waliojifunza kuendesha mambo yao wenyewe.

Basi kama Mathare waliweza bila kaunti, kaunti ya nini? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni ardhi. Chama hupanga ligi, lakini hakina mamlaka ya kuzuia uwanja wa umma usigeuzwe maduka. Mwaka 1989 hata bustani ya Uhuru Park jijini ilikaribia kumegwa ili lijengwe jengo la ghorofa 60 hivi, na waliosimama kidete ni mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake, wala si idara ya serikali. Bustani ile ilikuwa na watu walioizoea na walioihitaji. Kiwanja cha mtaani kilichofungwa kwa kufuli mwaka mzima kitatetewa na nani? Kikichezewa kila Jumamosi, mnyakuzi atakuta wenyewe wapo.

Pingamizi zito zaidi ni la pesa: mbona mpira ilhali zahanati hazina dawa? Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 au zaidi kila wiki, na kutofanya mazoezi huchangia kisukari na shinikizo la damu, maradhi yanayozimaliza dawa hizohizo. Anayeishi chumba kimoja katika mtaa wa Pipeline, Nairobi, azipatie wapi dakika hizo? Isitoshe, kinachokula fedha ni majukwaa makubwa. Mshahara wa mtunza uwanja na mratibu, maji na taa, ni gharama ndogo kwa kulinganisha.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na sheria inataka wananchi washirikishwe katika bajeti. Ukienda kwenye kikao cha wadi yako, usiombe uwanja mpya. Dai ratiba ya ule uliopo, ibandikwe langoni pamoja na jina la afisa anayehusika.