Asomaye Polepole Si Mjinga

Mtoto mwenye akili timamu, ahifadhiye kisa kizima alichosimuliwa na bibi yake mara moja tu, aweza kuduwaa mbele ya ukurasa akichanganya b na d, na hilo si uvivu wala ukaidi. Wataalamu Samuel Orton na Anna Gillingham, huko Marekani, tangu miaka ya 1930 walikwisha kubainisha kwamba mwanafunzi wa namna hiyo yafaa afundishwe kwa jicho, sikio na mkono kwa pamoja: achore herufi mchangani kwa kidole, aitamke sauti yake papo hapo, kisha aunge ba, be, bi kwa taratibu. Gharama haipo, mchanga tunao. Lililo zito ni ile ada ya kumsimamisha mtoto asome mbele ya wenziwe, wamcheke, naye arudi kitini akiamini kwamba elimu hakuandikiwa. Nimewaona walioacha skuli kwa fedheha hiyo, si kwa kukosa fahamu. Walimu wenzangu, nawasihi: mtoto kama huyo msikilizeni faraghani, mzidishieni muda wa mtihani, na msifuni kwa dhati kila asomapo mstari mmoja bila ya kusita.