Mwenye hajazoea kupiga mbali, asipige mbali

Baba mmoja wa familia, mzaliwa wa Fizi, ambaye kwa sasa anaishi Missoula katika jimbo la Montana, Marekani, alituma ujumbe wa sauti kwa ndugu zake wa Uvira mwishoni mwa msimu wa uwindaji uliopita. Safari hii hakutuma picha. Alieleza kwamba alimpiga wapiti, yule mnyama mkubwa wa milima ya huko, kutoka upande wa pili wa bonde. Umbali aliukadiria kwa macho tu: meta mia tatu na kitu. Nyama alianguka kwa magoti, akasimama, akaingia msituni. Walifuata damu mpaka giza likaingia. Asubuhi theluji ilikuwa imefunika kila kitu.

"Chakula ya watoto imeenda kuoza, na ule munyama ameteseka juu yangu," alisema.

Ndugu zake walicheka. Mmoja alimjibu: "Yaya, wewe ulikimbia vita, sasa munyama naye amekukimbia wewe!" Kicheko hicho kinaeleweka, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha. Wakongomani wengi waliopokelewa katika majimbo ya milima kule Marekani wanaingia katika uwindaji wa bunduki, na wengi wanaingia wakiwa na permi mkononi lakini bila mazoezi ya kutosha begani. Hapo ndipo penye kosa.

Ni vizuri kuelewa kwanza mahali penyewe. Mwaka wa 2016, mji wa Missoula ulianza tena kupokea familia za wakimbizi, nyingi kati yake zikitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo baada ya miaka mingi ya kambi. Mji umezungukwa na milima na msitu wa taifa wa Lolo. Kuwinda kule si anasa ya matajiri peke yao. Wapiti dume anaweza kupita kilo 300 akiwa hai, na nyama yake bila mifupa inaweza kukaribia kilo 100. Kwa familia yenye watoto sita, hiyo ni mboga ya miezi mingi. Msimu wa bunduki unafunguliwa mwishoni mwa mwezi wa kumi na unachukua kama juma tano tu. Mtu anayefanya kazi juma nzima hotelini au katika ghala anabakiwa na siku chache za kupanda mlima, na akimwona nyama mara moja, kidole kinawasha.

Serikali ya jimbo inadai mambo yake. Mtu aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1985 kwa kawaida hapati permi kabla ya kumaliza masomo ya uwindaji. Lazima avae nguo ya rangi ya machungwa inayoonekana mbali. Ni marufuku kuacha nyama inayoliwa ioze porini. Yote hayo ni mazuri. Lakini masomo hayo yanamfundisha mtu asimuue mwenzake. Hayamfanyi kuwa fundi wa kupiga mbali. Permi inampa mtu haki ya kubeba bunduki mlimani, na haimpi jicho.

Hesabu ya risasi haina huruma. Tuchukue bunduki ya kawaida ya kalibri 308, ambayo luneti yake, yaani ile darubini ya juu, imerekebishwa ili risasi ipige pale inapolengwa kwenye meta 200. Kwenye meta 300 risasi ileile imeshashuka kama robo ya meta. Kwenye meta 400 imeshuka zaidi ya nusu meta. Sehemu ya moyo na mapafu ya wapiti si kubwa kuliko sahani pana ya kulia ugali. Aliyekadiria "mia tatu na kitu" kwa macho, kumbe ni mia nne, hakukosea kidogo: risasi yake imeingia mguuni, au tumboni.

Bado kuna upepo. Upepo wa kilometa 16 kwa saa, ule wa kutikisa majani na matawi madogo, unaweza kuisukuma risasi hiyo zaidi ya sentimeta 30 pembeni kwenye meta 400. Tena katika bonde upepo wa upande huu haufanani na wa upande ule. Kuna pia mteremko. Anayepiga kwenda juu au chini sana lazima ahesabu umbali wa usawa, si ule wa jicho. Kwenye mteremko wa nyuzi 45, meta 400 za jicho zinaihusu risasi kama meta 280 tu, na asiyejua hilo atapiga juu ya mgongo. Mtu wa Fizi anajua milima tangu utoto wake, anaweza kuipanda kuliko wenyeji wengi wa Montana. Lakini kujua kupanda mlima na kujua kupiga mlimani ni vitu viwili.

Zaidi ya yote kuna mwili. Wengi wanajaribu bunduki mara moja, wiki moja kabla ya msimu, wakiwa wamekaa kwenye kiti na silaha imelazwa juu ya mifuko ya mchanga. Risasi tatu zikikusanyika vizuri, wanarudi nyumbani na furaha. Mlimani hakuna kiti wala meza. Kuna moyo unaopiga ngoma baada ya kupanda saa mbili, vidole vilivyoganda kwa baridi, na nyama ambaye hatangoja. Mtu ambaye risasi zake zinatawanyika sentimeta 10 kwenye meta 100, kwenye meta 400 zitatawanyika sentimeta 40, hata kama upepo umelala. Huyo hana haki ya kupiga meta 400. Si sheria inayomkataza, ni hesabu.

Wapo watakaosema kwamba vyombo vya kisasa vimemaliza shida hiyo. Kweli, kuna kifaa cha kupima umbali kwa mwanga, kuna luneti za kuzungusha kufuata umbali, kuna programu za simu zinazofanya hesabu yote. Katika video watu wanaonekana wakiangusha nyama kwenye meta 700 au 800. Video haionyeshi waliojeruhiwa na hawakupatikana. Tena kifaa kinapima umbali, lakini hakimzuii nyama kupiga hatua moja. Kwenda meta 400 risasi inachukua zaidi ya nusu sekunde, na hatua moja inatosha kuhamisha moyo na kuleta tumbo mahali pake. Hata chama cha Boone and Crockett, kilichoundwa na Theodore Roosevelt na wenzake mwaka wa 1887, kimetangaza msimamo wake kwamba kupiga kutoka mbali kupita kiasi kunaondoa maana ya uwindaji wa haki. Hao si watu wanaochukia bunduki.

Norway, nchi nyingine iliyopokea Wakongomani wengi, imekwenda mbele zaidi. Kule mwindaji wa nyama wakubwa anafanya mtihani wa kupiga kila mwaka. Anapiga kwanza risasi zisizopungua 30 za mazoezi, kisha risasi 5 za mtihani kwenye meta 100, na zote lazima ziingie ndani ya duara la sentimeta 30. Asiyefaulu hapandi mlima na bunduki. Montana haina sheria hiyo. Basi jamii ya Wakongomani wa kule inaweza kujiwekea yenyewe, bila kungoja bunge la mtu. Inatosha wazee wanaowapeleka vijana mlimani kusema: kijana, onyesha kwanza. Piga risasi tano ukiwa umekaa chini, tano ukiwa umepiga goti, tano baada ya kukimbia kidogo mpaka pumzi ipande. Umbali ambao risasi zako zote zinaingia ndani ya sahani, huo ndio umbali wako. Ukiupita, unaangalia tu, au unajongea.

Kartushi ni ghali, hilo ni malalamiko ya haki. Lakini mazoezi mengi hayali kartushi. Mtu anaweza kukagua kwamba bunduki ni tupu, akailenga mahali salama na kufyatua bila risasi kila jioni, kidole kikajifunza kuvuta bila kutikisa. Bunduki ndogo ya kalibri 22 inakula risasi za bei ndogo na inafundisha upepo vizuri sana. Na kartushi kumi za mazoezi ni rahisi kuliko kilo 100 za nyama iliyopotea.

Wengine wanasema wazee wa Kongo waliwinda bila hesabu hizi zote. Ni kweli, lakini wasimulie yote. Waliwinda kwa wavu, mbwa na mkuki. Hata leo mwenye kalibri 12 kijijini hapigi mpaka awe karibu kabisa, kwa sababu kartushi moja ni pesa nyingi na hatakubali kuitupa porini. Ufundi wao ulikuwa kujongea: kujua upepo unatoka wapi, kukanyaga bila kuvunja kijiti, kungoja. Anayetaka kuwafuata wazee afuate hilo. Hakuna babu aliyetupa mkuki kuvuka bonde.

Kuna jambo la mwisho, na ni zito kuliko nyama. Wengi wa hao walioko Missoula waliondoka kwao kwa sababu ya mlio wa bunduki. Risasi iliyokosa shabaha inaweza kusafiri zaidi ya kilometa tatu, na wao wanajua kuliko jirani zao wa Marekani kwamba risasi iliyopotea huwa inampata mtu fulani. Watoto wao wanaangalia baba anavyoishika bunduki. Akiishika kwa kujisifu, watajifunza kujisifu. Akiishika kwa kujizuia, huenda wakawa watoto wa kwanza katika ukoo wao kuiona bunduki kama jembe, kitu cha kazi kinachorudishwa mahali pake jioni.

Yule baba wa Fizi hakuuza bunduki yake. Tangu mwezi wa tano amekuwa akienda kwenye uwanja wa shabaha kila Jumamosi akitoka kazini, na amebandika karatasi kwenye kitako cha bunduki. Imeandikwa kwa kalamu nyekundu: 200. Ndugu zake wa Uvira wamemuuliza kama mwaka huu watapata picha. Amewajibu kwamba picha itategemea kama munyama atakubali kukaribia.

Hilo ndilo jibu la mwindaji.